Hewani Hakuna Matope

Mwezi uliopita nilikodi ndege. Nimesema nilikodi, sikupewa lifti. Nilikuwa na zabuni ya kokoto Homa Bay, mkutano ukaitwa ghafla, mvua nayo ilikuwa imeivuruga barabara ya Rongo, na mimi si mtu wa kungoja matope yakauke. Nikapiga simu Kisumu, kijana akaja na kindege chake cha viti vinne, akakitua Migori katikati ya mbuzi za watu. Umati ukajaa pembeni mwa uwanja kunitazama. Nikasema moyoni, wacha watazame. Mimi ambaye darasa la tatu liliniona mgongo, mimi niliyeanza kwa kusukuma mkokoteni wa maji, leo nina malori ambayo watu wanayatambua kwa mlio tu kutoka Isebania hadi Mbita.

"Mzee, keti hapa mbele," kijana akaniambia. "Homa Bay ni hapo tu. Safari yenyewe ni fupi kuliko maombi ya mchungaji kabla ya chakula."

Nilicheka sana. Kisha akafunga mlango, na harufu ikanijia: petroli, na majani mabichi yaliyokatwa yakalowa mvua. Nikatoa kitambaa cha jasho. Tulipaa, tukauacha mto Kuja chini unang'aa kama ukanda, mara nikaona kilima cha Asego na ziwa nyuma yake, mara magurudumu yanagonga chini. Nilikuwa bado sijamaliza kufuta jasho. Jioni nilimwachia kijana ndege yake irudi tupu, nikarudi Migori kwa gari, tukikwama na kusukumwa. Dereva wangu akajifanya anakohoa ili asicheke. "Kumbe mkubwa anaogopa ndege," akasema.

Ndege siiogopi. Ninachoogopa ni ule ufupi wa safari. Nitaeleza.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mvua zile za kuelekea Uhuru. Ziwa lilipanda likameza mashamba ya Karungu na Muhuru Bay, kambare wakaonekana wakiogelea katikati ya mabua ya mahindi. Nguo hazikukauka. Hata moto ulikuwa mvivu. Boma letu lilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Migori, na nikisema uwanja msifikirie lami. Ilikuwa ni nyasi tu zilizofyekwa, ng'ombe wakifukuzwa kila ndege ikisikika. Baba yangu, Okelo, ndiye aliyekuwa nyapara wa wafyekaji. Mfuko wa kuonyesha upepo haukuwepo. Baba aliwasha moto wa majani mabichi, moshi ukalala upande ambao upepo unakwenda, na yule mzungu wa ndege akajua pa kushukia. Ndiyo maana baba yangu alinuka moshi na majani siku zote, na mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya baba wote duniani.

Yule mzungu tulimwita Bwana Winyo, maana kwa Kijaluo winyo ni ndege wa angani. Alikuwa na miguu mirefu, na alitembea akiwa ameinama kidogo kana kwamba anatafuta mbegu. Nilikuwa nikiitazama ndege yake ikiondoka. Kwanza ni kubwa kuliko nyumba yetu, halafu inakuwa kama kondoo, kama kuku, kama nzi, halafu haipo. Jambo hilo lilinisumbua. Nikamwuliza nyanya yangu, mama yake Baba, tuliyemwita Dani.

"Dani, wale walio ndani nao huwa wanapungua?"

"Mzungu akipungua ni shauri lake," Dani akasema, akiendelea kupepeta wimbi. "Wewe kula ukue."

Sikuridhika. Ndege inapungua mbele ya macho yangu, mtu aliye ndani anabakije na ukubwa wake? Nikaamua kwamba wanapungua, na wakirudi wanakua tena. Sikuona ajabu yoyote, ilmradi anayepungua si wa kwetu.

Kisha siku moja Bwana Winyo akaja hadi langoni kwetu. Uwanja wa Homa Bay ulikuwa umejaa maji upande mmoja, na wafyekaji wa huko hawakujua la kufanya, wakati Baba alikuwa amechimba mifereji pembeni mwa uwanja wetu na maji yakaondoka. "Wewe kuja na mimi," mzungu akasema kwa Kiswahili chake. "Fundisha watu ya Homa Bay. Mimi leta wewe tena."

Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa amepanda ndege. Siku ya safari ilipofika, Baba alivaa koti lake la kanisani. Mama alikuwa anainjika nyoyo, yale mahindi yetu na maharagwe, chakula ambacho kila mpishi anajua hakina haraka.

"Nyar Karungu," Baba akamwambia, maana mke kwetu huitwa kwa jina la nyumbani kwao, "hiyo nyoyo yako haitachemka kabla sijafika Homa Bay."

"Mara ya mwisho ulikwenda asubuhi, ukafika giza limeingia, viatu mkononi."

"Hilo lilikuwa basi. Basi linapitia Rongo, linasalimia kila duka. Hii inakwenda moja kwa moja, kama jiwe la teo."

"Jiwe la teo nalo huanguka, Wuon Achieng'," Mama akasema. Achieng' ni dada yangu mkubwa, na Mama alimwita Baba hivyo, baba yake Achieng'.

Baba alicheka. Alicheka peke yake.

Tulisimama kwenye nyasi kuwaaga. Upande wa kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini upande wa Homa Bay mbingu ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya chungu. Ndege ikapaa kuelekea kule kwenye weusi. Nikafumba jicho moja, nikainua kidole gumba na cha shahada, nikampima Baba. Alikuwa kama harage. Halafu kama punje ya mtama.

"Mama, Baba sasa ni hivi," nikamwonyesha.

Alinipiga kofi la mkono ambalo mpaka leo nalisikia. "Mtu mzima hapimwi! Mtu hupimwa anapochimbiwa tu. Nani amekufundisha?"

Nyoyo ilichemka. Tukala. Mama alimwekea Baba sehemu yake kwenye bakuli kwa mazoea, kisha akajicheka. "Yuko Homa Bay sasa," akasema, "anawafokea watu wa wenyewe." Mvua ikaanza, ikawa kama mtu anamwaga changarawe juu ya paa.

Siku chache baadaye, aliyeleta habari alikuwa Ouma, ndugu mdogo wa Baba, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo kwenye gati ya Homa Bay. Basi lao lilikwama kabla ya Rongo, akatembea. Alifika matope mpaka kiunoni, na kabla hata ya kusalimia akauliza, "Kaka yuko wapi?"

Mama alikuwa anachambua mboga. "Wewe ndiye utuambie," akasema. "Si yuko kwenu?"

Ouma akamtazama, akanitazama mimi, akaketi chini bila kutafuta kigoda.

"Dereva wa basi alileta salamu kwamba anakuja na ndege," akasema. "Nilikwenda uwanjani siku ile. Tulingoja na watu wa majembe. Uwanja ulikuwa ziwa, shemeji, bata wangeogelea. Hatukuona ndege. Hatukusikia ndege. Nikasema basi hakupanda. Ndiyo nimekuja kumcheka."

Mboga zilikuwa zimemwangukia Mama mapajani, hakuziokota.

Hapo ndipo ule ufupi ulipotuingia nyumbani. Mtu wa basi akichelewa kwetu hakuna anayelia. Basi limekwama, mto umejaa, dereva ana mke wa pili Awendo. Unalala, unaamka, anafika. Lakini hii ndege Baba mwenyewe alisema haingoji nyoyo ichemke. Jaduong' Ogola, mkubwa wa ukoo, alikuja na fimbo yake, akaketi, akasikiliza yote mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo watu waliyabeba boma hadi boma:

"Basi likichelewa, limekwama. Ndege ikichelewa, imeanguka. Hewani hakuna matope."

Mzee yule hakuwahi kukaribia ndege, na sisi hatukuwahi, lakini maneno yake yalikuwa na mantiki kama pingu. Mama alikwenda kituo cha polisi kuomba waulize Homa Bay. Askari akamwambia, "Simu imekufa, mama. Nguzo zimelala chini." Halafu mwanamke mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, akapita kutoka Muhuru Bay, akasema watu wa ufuoni waliona ndege siku ile ya mvua, ikatokea mawinguni, chini kabisa, juu ya maji, ikaingia kwenye ukungu na mlio ukakatika. Alisema hivyo tu. Lakini kufikia jioni, midomoni mwa watu, ndege ilikuwa imewaka moto, na kufikia asubuhi yake mzungu na Baba walikuwa wameonekana wakipunga mikono.

Mama alikataa. "Mtu hafi kwa kuchelewa," alisema kwa kila aliyekuja kukaa. Aliendelea kumwekea Baba chakula. Wanawake walikitazama kile chakula kikiota ukungu, wakatazamana.

"Mwanangu yuko majini," Dani akasema. "Namsikia analia. Anauliza alale wapi."

"Mama, hiyo ni mvua," mama yangu akamwambia.

"Nilimzaa mimi. Mvua naijua na sauti yake naijua."

Kwa wasio wa kwetu niseme hivi. Mtu wetu akizama na maji yakakataa kumrudisha, haachwi hivyo. Anatafutiwa yago, lile tunda refu la kijivu linaloning'inia mtoni kama mkono wa mtu aliyelala. Yago linazikwa badala yake, kwa jina lake, kwenye boma lake, ili atulie. Asipozikwa atazunguka, atawaita watoto wake mmoja mmoja. Na yago likishazikwa, mambo yamekwisha. Huyo mtu amekufa, hata kama ziwa zima litakauka na asionekane mfupa. Mama alijua hivyo kuliko wote. Ndiyo maana alipomwona Ouma na vijana wawili wanachukua panga kwenda mtoni, alisimama langoni akatandaza mikono.

"Ouma, ndugu yako akirudi utamwambia nini?"

"Shemeji," Ouma akasema, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, "unafikiri naitaka kazi hii? Ninyi mnadhani sijui watu wanavyonitazama?" Maana kwetu mjane hurithiwa na ndugu, na macho ya watu yalikuwa yameanza kupima mabega ya Ouma.

Hakuna aliyenieleza mimi kitu. Mtoto wa umri ule alikuwa kama kuku tu, anapita katikati ya miguu ya watu. Nilimwona Ouma anarudi amebeba kitu kirefu begani, kimefungwa kwa majani. Wakakiosha. Wakakivika shati la Baba, lile la michirizi ya buluu, mikono ya shati ikalala mitupu. Wakakilaza kwenye kitanda cha Baba na kukifunika shuka mpaka juu.

Mimi nilielewa palepale. Nilikuwa nimeliona jambo hili likianza kwa macho yangu, kati ya vidole vyangu. Baba alipungua kule juu, ikatokea hitilafu, akarudi bila kukua tena. Nikaingia chumbani watu walipokuwa wanajadili pa kuchimba. Nikafunua shuka kidogo. Ngozi yake ilikuwa baridi, ina mikwaruzo. Hakuwa na uso. Nikadhani uso ndio unaokua mwisho.

"Baba," nikanong'ona, "kua."

Achieng' alinikuta, akanivuta sikio. "Mjinga wewe. Hilo ni yago."

"Ni Baba. Amepungua."

Akafungua mdomo kunicheka, akashindwa, akaanza kulia, na kilio chake kikaamsha vilio vya nje, boma zima likalia. Mama walimketisha karibu na kitanda kama ilivyo desturi. Alikaa ameelekea ukutani.

"Lia, Nyar Karungu," wakamwambia. "Mwanamke asiyelia anatafutiwa sababu."

"Siwezi kulilia tunda," akasema.

Walizika asubuhi, kwenye manyunyu, upande wa kulia wa nyumba kama mwenye boma anavyozikwa. Jaduong' Ogola aliinama juu ya shimo, akaliita jina, Okelo, akamtajia baba yake na babu yake, akasema, "Hapa ndipo kwako. Usizunguke tena. Umefika." Nikatazama shati la michirizi likifunikwa udongo. Nilitaka kuwaambia wangoje kidogo, huenda ataanza kukua, lakini Dani alikuwa ameniminya mkono kwa nguvu nikashindwa hata kupumua.

Udongo haukupata hata nafasi ya kukauka. Siku iliyofuata, mchana, wanawake walimkalisha Mama kwenye kigoda uani wamnyoe kama mjane. Alikuwa amechoka kubishana. "Nyoeni," aliwaambia. "Nywele huota." Wembe ulikuwa umemaliza upande mmoja wa kichwa, upande wa pili bado. Mbwa wetu, ambaye tangu ndege iondoke alikuwa amelala karibu na lango bila kugusa hata mfupa, akainuka ghafla. Akalia kama mtoto. Akatoka mbio kupitia lango.

Halafu tukamwona Baba.

Alikuwa pekupeku, amevaa koti la mvua la mzungu linaloburuta chini, mashavu yameingia ndani, na mbwa akimzunguka na kumkojolea miguu kwa furaha. Alikuwa na ukubwa wake wote. Nikatazama kaburi, nikamtazama yeye. Kama Baba yuko pale, tumemfukia nani?

"Mna sherehe gani bila mimi?" Baba akaita kutoka mbali. Kisha akaona kichwa cha Mama. Akaona tuta la udongo kando ya nyumba yake. Hatua zake zikapungua mwendo. "Nani amekufa?"

Wembe ulianguka. Ni Dani aliyesema, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Wewe."

Baba aliwaeleza yaliyompata akiwa amesimama nje ya lango. Mvua ilikuwa ukuta mbele yao, Homa Bay haikuonekana. Bwana Winyo akazungukia ziwani kutafuta upenyo, akateremka mpaka wakaona mawimbi, wakafuata ufuo kurudi, na mafuta yalipokaribia kwisha wakashuka kwenye ardhi ya machimbo ya zamani, Macalder. Gurudumu likazama, ndege ikalala ubavu. Hakuumia mtu. Lakini mto ulikuwa umekula daraja la miti na mtumbwi hakuna aliyethubutu kuupanda mpaka maji yalipopungua.

"Macalder!" Baba akasema, akicheka na kulia. "Hapo tu! Asubuhi kukikatika mvua nilikuwa naona kilima cha kwetu. Sauti tu ndiyo haikuvuka."

Macalder, ndugu zangu. Ni karibu kuliko Homa Bay. Tulimtafuta mbali kwa sababu safari ilikuwa fupi.

Akapiga hatua kuja ndani. Jaduong' Ogola akainua fimbo, akailaza langoni.

"Okelo, usivuke."

"Nivuke nini, jaduong'? Hili ni lango langu. Nguzo hizi nilichimbia mimi."

"Najua. Na sisi tumekuchimbia. Jina lako limeitwa kaburini mbele ya watu. Mtu hawezi kulala ndani ya kaburi na kutembea nje katika boma moja."

"Mmezika tunda! Mimi nimebatizwa, hayo ni mambo yenu."

"Tunda lilikwenda na jina," Ogola akasema. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa anaogopa kuliko sisi wote. "Kaburi likimwona mwenye jina anaingia na miguu yake, litataka mwingine ashike nafasi. Na kaburi la namna hiyo halichukui mzee kama mimi."

Watu wakageuka. Nakumbuka jinsi walivyogeuka, taratibu, wanaume, wanawake, Ouma, hata yule wa wembe. Walinitazama mimi. Nilikuwa mtoto wa kiume pekee wa Baba. Lakini hilo sikulijua maana yake wakati ule. Nilijitazama tumbo, nikajitazama miguu, nikatafuta nimechafuka wapi. Nilidhani nimefanya kosa kubwa na kila mtu amelijua isipokuwa mimi.

Baba naye akanitazama. Mguu mmoja alikuwa ameshauinua juu ya fimbo, unadondosha maji ya matope. Alinitazama kwa muda mrefu, na uso wake wote uliokuwa unacheka ukafungwa. Kisha akaurudisha mguu nje.

"Nyar Karungu," akasema, "toka na watoto."

Mama alichukua leso akafunga kile kichwa cha nusu. Alipotaka kuingia nyumbani kuchukua chungu na nguo, wakamzuia, vitu vya ndani ni vya marehemu. Akatoka kama alivyo, mimi mkono huu, Achieng' mkono ule. Dani alijitupa langoni, akashika ncha ya lile koti la mvua kwa chini, yeye ndani, Baba nje.

"Nilikuzika ili upumzike, mwanangu."

"Najua, Mama," Baba akasema. Akamfungua vidole kimoja kimoja.

Tulikwenda Homa Bay kwa miguu, kupitia Awendo na Rongo, tukilala kwenye mabenchi ya makanisa. Ile njia ambayo ndege huimaliza kabla chungu hakijachemka ilitula nyayo. Baba alitangulia mbele njia nzima. Hakugeuka kunitazama, hakunibeba hata nilipolia, alimbeba Achieng'. Nami nikayaweka pamoja mambo kama mtoto anavyoweza. Baba alikuwa anaingia nyumbani. Akaniona mimi. Akabadili nia. Basi ni mimi niliyekataliwa.

Hilo nililibeba miaka yangu yote. Homa Bay hatukuwa na shamba wala ng'ombe. Baba alifyeka nyasi za watu mpaka mgongo ukapinda, akawa mtu wa maneno machache, na kila aliponitazama nilimwona akitazama kando upesi. Niliacha shule nikasukuma mkokoteni. Nikanunua wa pili, nikaajiri watu, nikanunua lori bovu nikalifufua, nikajenga ghorofa inayoonekana kutoka ziwani. Watu husema nilikuwa na njaa ya utajiri. Njaa ilikuwepo, ila si hiyo. Kila nilichopata nilikwenda kumwonyesha. "Baba, tazama lori." Alikuwa anatikisa kichwa, anasema, "Vizuri. Endesha polepole."

Dani alikufa, Baba hakuvuka lango kumzika. Alisimama nje ya ua wa minyaa, mvua ikimnyeshea, akasikiliza nyimbo.

Zamu ya Baba ilipokaribia, nilikaa kitandani kwake, nikamwambia mipango yangu. Mimi ni mtu wa mipango. Nitanunua fahali, nitawaita wazee wote waliobaki wa ukoo, nitalipa kila kitu kinachodaiwa na desturi, walitakase boma, lile lango nilibomoe kabisa kwa trekta langu nijenge jingine, na yeye aingie kwao kwa heshima. Nilizungumza sana. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Unafikiri nilimwogopa Ogola?" akaniuliza.

Nikamsogelea.

"Sikuamini hata neno moja. Ningeingia, nikalala usingizi juu ya hilo tuta lao. Mguu nilikuwa nimeshauinua." Akatafuta pumzi. "Halafu nikawaona wote wanakutazama wewe."

Mvua ilikuwa inaanza, ile ya kutoka ziwani.

"Nilikuwa nakuogopea kila siku," akasema. "Ukikohoa tu, naliona lile shimo. Mimi, mtu asiyeamini kitu! Ningekuonyesha ninavyokupenda, nikaona kama nitakuwa nalionyesha shimo njia."

Blanketi lilikuwa limesogea na miguu yake iko nje, miguu mikubwa, ya mtu mzima kabisa. Nikaifunika.